Kompyuta ya mizani haioni SSD mpya na mnada ni wiki ijayo, naombeni msaada (Tandahimba)

Mpimaji wa Ghalani

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho la chama cha msingi huku Tandahimba. Mizani yetu inasomwa na kompyuta ndogo ya chuma, haina feni, mgongoni ina mapezi kama ya injini ya pikipiki. Wiki iliyopita ilianza kuleta skrini ya bluu, inajizima, inawaka, inaleta bluu tena. Fundi aliyekuja akaibandika sikio kama daktari wa kifua, akasema hadidiski imekufa. Wakati anaichomoa, kichwa cha waya wa umeme wa diski kikavunjikia mkononi mwake. Akaondoka na ule waya "kutafuta mfano wake". Tangu siku hiyo simu haishikwi.

Nikaagiza SSD (diski mpya isiyozunguka) Kariakoo, ikaja na basi. Nilimwambia muuzaji ni bodi ya viwandani, akanipa ile iliyo kama kadi, mSATA ya GB 128. Kwenye bodi kuna soketi ambayo kadi imeingia bila kulazimishwa na skrubu ikakaa kwenye tundu lake sawasawa. Nawasha, naingia BIOS (ule ukurasa wa mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka), hakuna diski hata moja.

Bodi ina soketi mbili za SATA za kawaida, zile za kuchomekea diski, na waya wa data ninao. Tatizo ni umeme. Hakuna pawa saplai humu, kuna adapta ya volti 12 tu kama ya laptop. Karibu na soketi za SATA naona kikoneka cheupe kidogo cha pini 4, nadhani ndiko ule waya ulikokuwa.

Prosesa ni Celeron J1900. Mnada wa kwanza ni wiki ijayo. Nianzie wapi?

Machinga Original

Nipo siti ya mbele. Mizani ikigoma si mtarudi kwenye kangomba nyie, kuuzia walanguzi nje ya mnada?

Mpimaji wa Ghalani

Usicheke mjomba. Magunia yameshaanza kuingia na naandika kwenye daftari. Jana mama mmoja kaniuliza kama na hilo daftari nalo linapimwa na vipimo vya serikali.

Fundi Chuno

Pole mkuu. Tuanze na hiyo kadi.

Soketi ya mSATA na soketi ya mini PCIe ni mapacha. Zote zina pini 52, kadi zake zote ni milimita 30 kwa 51, na skrubu zinaangukia palepale. Tofauti huioni kwa macho, iko kwenye njia zinazotoka nyuma ya soketi. Ya mSATA inakwenda kwenye mlango wa SATA wa chipu. Ya mini PCIe inakwenda kwenye PCIe na USB, kwa ajili ya kadi za Wi-Fi na modemu. Ukiweka SSD ya mSATA kwenye mini PCIe kwa kawaida haiungui, inakaa tu pale kama mgeni aliyekosea nyumba ya msiba. Hakuna anayemjua na yeye hamjui mtu.

Soma maandishi meupe yaliyochapwa kando ya soketi, utuandikie herufi kwa herufi. Kisha angalia kama kuna kisoketi cha laini ya simu hapo karibu.

Halafu jua hili. J1900 ina milango miwili tu ya SATA ndani yake, ya gigabiti 3 kwa sekunde. Kiwanda kikishazitoa zote mbili kama soketi za kawaida, hakijabaki cha kupeleka kwenye mSATA, labda waongeze chipu nyingine au waweke jampa (kile kikofia cha kuunganisha pini mbili za bodi) ya kuchagua.

Mpimaji wa Ghalani

Imeandikwa MPCIE1. Na nimegeuza bodi, chini yake kuna kisoketi cha laini ya simu.

Fundi Chuno

Basi hapo ni mahali pa modemu. Chomoa SSD yako, ila usiirudishe dukani. Kuna kibao kinachoigeuza mSATA iwe kama SSD ya inchi 2.5: unaivalisha, unaifunga skrubu, inachomekwa SATA ya kawaida. Hakikisha tu ni cha mSATA kwenda SATA, maana vipo vya M.2, aina nyingine ya kadi za SSD, vinavyofanana navyo kwenye picha na wauzaji wanavichanganya.

Binti Shangani

Kibao hicho ninacho, nilikitoa kwenye laptop ya mteja. Kaka Mpimaji, nitumie ujumbe faragha nikiweke kwenye gari la asubuhi la Tandahimba. Utanirudishia msimu ukiisha, au niletee korosho zilizobanguliwa, tutajua.

Kipara wa Ligula

Na huo waya wa pini 4 usikuumize kichwa. Ni uleule wa DVR, yale maboksi ya kurekodi kamera za ulinzi. Nenda kwa yeyote anayefunga kamera hapo Tandahimba, muombe waya wa umeme wa hadidiski ya DVR, unaingia kama ulitengenezwa kwa ajili yake. Mimi ninao hata vichwa viwili, naweza kukutumia pamoja na hicho kibao. Dakika mbili tu umemaliza.

Mpimaji wa Ghalani

Asante sana bro. Ukija leo naufunga leo.

Mzee wa Mikindani

Mwanangu, usichomeke huo waya kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Mpimaji wa Ghalani

Shikamoo mzee. Nasubiri.

Mzee wa Mikindani

Marahaba. Nilikuwa natafuta miwani.

Kwenye kompyuta za mezani umeme wa diski unatoka kwenye pawa saplai, na rangi za nyaya zinafuata kanuni: njano volti 12, nyekundu volti 5, nyeusi hasi. Bodi ya viwandani inakula volti 12 kutoka nje, inatengeneza volti 5 yenyewe, halafu inagawia diski kupitia hicho kikoneka cheupe. Tatizo ni kwamba mpangilio wa pini za kikoneka hicho haukuwekewa kanuni na mtu yeyote. Kiwanda kimoja kinaanza na 12, hasi, hasi, 5. Kingine kinaanza na 5, hasi, hasi, 12. Plastiki ni ileile, upana uleule, hata kijino cha kuzuia usigeuze kiko upande uleule. Unaingia vizuri kabisa, ukiwasha volti 12 zinakwenda kwenye njia ya volti 5.

Mimi nimeshaifanya hiyo kazi. Nilikuwa nafunga kompyuta ya kukatia tiketi, nikachukua waya kutoka bodi nyingine iliyofanana nayo. SSD ilitoa kamoshi kembamba kama ka udi. Nikasema labda ni vumbi, nikaweka ya pili. Ya pili nayo ikaenda. Zote nikazilipa mimi.

Kwa hiyo tafuta mita. Diski yoyote isichomekwe. Washa kompyuta, ncha nyeusi ya mita iweke kwenye skrubu inayoshikilia bodi, ncha nyekundu gusa pini moja moja za kile kikoneka. Usiguse mbili kwa pamoja, hapo ndipo watu wanapounguza bodi yenyewe. Andika kwenye karatasi: pini ya kwanza ngapi, ya pili ngapi, mpaka ya nne. Pini ya kwanza mara nyingi ina kipembe kidogo au namba 1 iliyochapwa kando, lakini hata kama haina, wewe chora kikoneka kama unavyokiona.

Kisha chukua waya wa Kipara, uulaze juu ya mchoro wako, uone rangi ipi inaangukia volti ipi.

Kipara wa Ligula

Mzee heshima yako, lakini mimi nimefunga DVR Ligula nzima mpaka Magomeni na sijawahi kuunguza hata moja.

Fundi Chuno

Kutoka DVR kwenda DVR, sawa. Hii siyo DVR.

Machinga Original

Wacha nilete kiti kingine.

Mpimaji wa Ghalani

Wakuu, mzigo umefika na gari la asubuhi. Mita nimeazima kwa fundi redio wa sokoni, kasimama pembeni yangu mpaka nilipomaliza, nafikiri alikuwa anailinda mita yake.

Majibu kuanzia upande wenye kipembe: 5.04, 0, 0, 12.1.

Waya wa Kipara ukiulaza hapo: njano, nyeusi, nyeusi, nyekundu.

Yaani njano inaangukia kwenye 5 na nyekundu kwenye 12.

Kipara wa Ligula

Duh.

Fundi Chuno

Haya. Waya bado unafaa, unahamisha pini tu. Chukua sindano ya kushonea. Kwenye kile kichwa cheupe cha waya, kila pini ya bati ina ulimi unaoonekana kwenye kidirisha cha plastiki. Bonyeza ulimi taratibu huku unavuta waya kwa nyuma, pini itatoka nzima. Toa ya njano, toa ya nyekundu, badilishana. Ukirudisha, usikie mlio mdogo, na ukivuta isitoke. Ulimi ukilala sana uinue tena kwa ncha ya sindano kabla ya kurudisha.

Njia fupi zaidi: SSD ya inchi 2.5 inakula volti 5 peke yake, na hicho kibao cha mSATA kinapunguza hiyo 5 kuwa 3.3 chenyewe. Hata diski za laptop zinazozunguka zinatumia 5. Volti 12 inahitajika kwa zile kubwa za inchi 3.5. Kwa hiyo nyekundu iweke kwenye 5, na njano uiache nje kabisa, uifunge gundi ya umeme. Hapo hata ukikosea baadaye hakuna 12 ya kwenda kuua kitu.

Ukishamaliza, pima tena upande wa pili kabla ya kuchomeka diski. Kile kichwa kirefu chembamba kina njia 15 katika makundi ya tatu tatu: 3.3, hasi, 5, hasi, 12. Kundi la katikati hasa, njia ya 7 hadi ya 9, ndiko unatakiwa kupata 5.

Mzee wa Mikindani

Afuate hiyo ya kuacha njano nje. Ingekuwepo kichwani mwangu siku ile ningekuwa na SSD mbili zaidi.

Mpimaji wa Ghalani

Nimefanya hivyo. Kichwani napata 5.02 katikati, kwingine sifuri. Nikachomeka mSATA ikiwa kwenye kibao cha Dada Shangani. BIOS IMEIONA! GB 128 imeandikwa pale. Nimepiga kelele mlinzi akaja kuangalia.

Ila inaonekana, nikizima na kuwasha inapotea, nikiminya kichwa cha waya inarudi. Na pini za soketi ya SATA kwenye bodi ni nyeusi nyeusi, siyo zile za dhahabu ninazoziona kwenye picha. Hii kompyuta ina miaka zaidi ya 10 hapa.

Binti Shangani

Swali moja kaka. Salfa ya chama mnaihifadhi wapi?

Mpimaji wa Ghalani

Kwenye ghala hilihili dada. Mifuko imepangwa nyuma ya meza ya mizani. Kwa nini?

Binti Shangani

Ndiyo hiyo hapo. Nimetengeneza vifaa vingi vinavyotoka kwenye maghala na nyumba za wakulima kuanzia Nanyamba mpaka Newala, na weusi huo ni uleule. Salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga ni adui wa shaba na fedha. Ni kama bangili ya fedha ya bibi inavyokuwa nyeusi. Pini za soketi zina utando mwembamba wa dhahabu, na dhahabu yenyewe haili salfa, lakini utando ukichubuka kwa kuchomeka na kuchomoa, kilichoko chini kinaliwa na weusi unatambaa juu. Weusi huo haupitishi umeme vizuri. Ongeza unyevu wetu wa kusini, basi.

Kwa kuwa kompyuta yako haina feni, ndani itakuwa na nafuu. Ingekuwa ya feni ungeikuta ya njano tupu.

Usikwangue kwa msasa wala kisu. Najua mafundi wanafanya, inang'aa siku mbili halafu inakuwa mbaya kuliko mwanzo kwa sababu umeumaliza utando wote. Chukua spiriti ya kusafishia vifaa, ile kali ya asilimia 99, siyo ya hospitali iliyochanganywa maji. Brashi laini ya mswaki wa mtoto. Zima, chomoa adapta, sugua, acha ikauke nusu saa. Kisha chomeka na kuchomoa kichwa cha SATA mara kumi hivi, pini zenyewe zitakwanguana kidogo. Na jaribu soketi ya pili ya SATA, kama haikuwahi kutumika itakuwa na hali nzuri zaidi.

Halafu salfa ihame hapo jamani. Hata kwa kifua chako.

Mpimaji wa Ghalani

Spiriti nimepata kwa fundi simu. Soketi ya pili kweli inang'aa, ilikuwa na kifuniko cha plastiki muda wote. Nimewasha na kuzima mara sita, SSD haijapotea hata mara moja.

Sasa nipige Windows gani? Mwenyekiti anataka 10 "ili tuendane na wakati". Programu ya mizani ni ya zamani, kwenye karatasi yake imeandikwa Windows 7.

Machinga Original

Piga Linux uachane na mateso.

Fundi Chuno

Programu ya mizani ya Windows 7 itaiendesha wewe kwa mdomo kwenye hiyo Linux?

Kuhusu 10, hata hiyo nayo Microsoft waliiaga tarehe 14 Oktoba 2025. Ya 7 waliiaga 14 Januari 2020. Kwa kompyuta isiyogusa intaneti na yenye kazi moja tu ya kusoma mizani, mimi ningeangalia programu inataka nini kwanza. Ila ukipiga 7 upya kwenye bodi hizi ujiandae. Flashi ya 7 haina draiva za USB 3.0, kwa hiyo ukifika pale pa kuchagua lugha, kibodi na mausi vinakufa. Inabidi uingie BIOS, uchague mfumo ni Windows 7 na uzime xHCI (kinachoendesha USB 3.0), ndipo vinafufuka. J1900 inaruhusu hilo. Bodi mpya zaidi nyingi haziruhusu.

Mzee wa Mikindani

Hakuna kupiga kitu chochote. Diski ya zamani iko wapi?

Mpimaji wa Ghalani

Iko mezani kwangu, mzee. Ile iliyokufa.

Mzee wa Mikindani

Nani alisema imekufa? Yule aliyeondoka na waya?

Humo ndani kuna programu iliyokwisha kurekebishwa kwa mizani yenu, kuna majina ya wakulima na kilo za misimu yote. Ukipiga Windows mpya utapata kompyuta safi isiyojua korosho ni nini. Nijibu mambo mawili. Ile skrini ya bluu ilikuwa na namba gani chini, inayoanza na 0x? Na ukiingia BIOS sasa hivi, tarehe inasomeka ngapi?

Mpimaji wa Ghalani

Namba niliipiga picha kwa simu: 0x0000007B. Tarehe ya BIOS ni Januari mosi 2014. Nilidhani ni mapambo tu.

Mzee wa Mikindani

Nilijua.

Mwanangu, betri yako ya CMOS imekwisha. Ile ya duara kama kifungo, CR2032. Ikiisha, kila umeme unapokatika BIOS inasahau mipangilio na kurudi ya kiwandani, na umeme wetu unaujua. Moja ya mipangilio hiyo ni namna bodi inavyozungumza na diski za SATA. Kuna IDE, ya kizamani, na kuna AHCI. Windows 7 iliyopigwa wakati bodi iko IDE haijaamsha draiva ya AHCI. Ukiigeuzia ghafla, inaanza kuwaka, inafika katikati, haiioni tena diski iliyoibeba, inatoa 7B. Namba hiyo maana yake ni kwamba imeshindwa kuifikia diski ya kuwashia. Siyo lazima diski iwe imekufa.

Nunua betri, usiweke ya kuokota. Chomeka diski ya zamani kwenye soketi nzuri. Ingia BIOS, sehemu ya SATA, toa AHCI weka IDE, hifadhi, washa.

Mpimaji wa Ghalani

Mzee.

Imewaka. Imewaka mpaka kwenye programu ya mizani, majina yote yapo. Sina la kusema. Elfu 20 ya fundi, SSD, nauli ya mzigo, na tatizo lilikuwa betri ya buku mbili.

Machinga Original

Huu uzi uwekwe bandarini watu wausome wakishuka melini.

Fundi Chuno

Kabla hujashangilia, inawaka kwa muda gani? Na hiyo diski inatoa mlio wowote?

Mpimaji wa Ghalani

Dakika nne na zaidi. Mlio siyo mkubwa, kuna kak-kak kidogo kila inapofungua ripoti za misimu ya nyuma.

Binti Shangani

Basi yule fundi alikosea sababu, mgonjwa yupo kweli. Diski ya kuzunguka, miaka kumi na ushei, mezani palipo na mtikisiko wa magunia. Izime sasa hivi uinakili kwenye SSD, usiifanyie kazi hata siku moja ya msimu.

Fundi Chuno

Naunga mkono. Tengeneza flashi ya Linux yoyote yenye ddrescue (programu ya kunakili diski inayokufa), washa nayo, diski zote mbili zikiwa zimechomekwa. Waya wa Kipara una vichwa viwili, na 2.5 moja pamoja na mSATA bodi inabeba, zote ni za volti 5. Ila kwanza: ya zamani ina ukubwa gani, na imegawanywaje? Andika fdisk -l utuletee.

Mpimaji wa Ghalani

Ya zamani ni GB 320. Ina sehemu mbili. Ya mwisho inaishia sekta 209717247. Baada ya hapo hakuna kitu. Aina ya jedwali imeandikwa dos.

Kwa hiyo GB 320 haziingii kwenye 128? Nimeagiza ndogo?

Fundi Chuno

Bahati yako. Aliyefunga kompyuta hii alitumia GiB 100 za mwanzo tu, zilizobaki kaziacha wazi. Sekta moja ni baiti 512, piga hesabu ya 209717248 mara 512 utaona ni GiB 100 na kipande cha MiB moja. SSD yako ya GB 128 inabeba takribani GiB 119, maana GiB ni kubwa kidogo kuliko GB. Na kwa kuwa jedwali ni la MBR (ndiyo hiyo dos uliyoiona), taarifa zote za mgawanyo zimekaa mwanzo wa diski. Ingekuwa GPT, ule mtindo mpya wa jedwali, ingekuwa na nakala nyingine mwisho kabisa, ungehitaji kuirekebisha. Kwa hiyo tunanakili GiB 101 tu:

ddrescue -f -n -s 101Gi /dev/sda /dev/sdb ramani.map

Ya kwanza ni inayosomwa, ya pili ni inayoandikwa. Hakikisha kwa ukubwa wake ipi ni ya 320 na ipi ya 128, kila unapowasha upya, maana herufi zinaweza kubadilishana. Ukizigeuza utamwaga utupu juu ya kilo za wakulima.

Hiyo ramani.map iweke kwenye flashi nyingine, siyo kwenye ile Linux inayosahau ikizimwa. Umeme ukikatika katikati, ukirudisha amri ileile inaendelea ilipoishia. Ikimaliza, rudia bila -n na uongeze -d -r3 ili irudi kwenye sekta zilizogoma.

Kipara wa Ligula

Kwenye hili mimi nimekaa kimya nasoma.

Mpimaji wa Ghalani

Nimeanza saa mbili usiku. Umeme umekatika saa nne kasoro, ukarudi saa tano na robo. Imeendelea kama alivyosema fundi. Saa saba na nusu imemaliza, imeandika kuna KiB 24 hazikusomeka. Mzunguko wa pili umeokoa 20, zimebaki 4. Nimelala ghalani na mlinzi, tumekula mihogo.

Asubuhi nimechomoa ya zamani, SSD peke yake kwenye soketi nzuri, BIOS iko IDE. Inawaka kwa sekunde 40.

Ila uzito unasoma sifuri. Nimepanda mwenyewe juu ya mizani, sifuri.

Binti Shangani

Waya wa mizani umeurudisha mlango upi nyuma? Hizo kompyuta zina milango ya pini 9 mingi inayofanana, COM1, COM2 na kuendelea.

Mpimaji wa Ghalani

COM2. Ulikuwa COM1. Nimehamisha, nina kilo 71. Msimu wa jana nilikuwa 68.

Mzee wa Mikindani

Iache IDE mpaka msimu uishe. Ukitaka AHCI baadaye, kwenye rejista ya Windows kuna huduma iitwayo msahci, thamani ya Start unaitoa 3 unaiweka 0, ndipo unazima na kubadilisha BIOS. Siyo wiki hii.

Na ukiwa ndani, tafuta jampa yenye maandishi AT na ATX. Ikiwa kwenye AT, umeme ukirudi kompyuta inajiwasha yenyewe bila mtu kubonyeza kitufe.

Mpimaji wa Ghalani

Iko ATX, nitaihamisha jioni. Salfa tumeihamishia stoo ya nyuma, mwenyekiti amenuna lakini amekubali. Diski ya zamani nimeifunga kwenye karatasi, iko kabatini.

Leo tumepokea kwa mara ya kwanza. Gunia la mama yuleyule wa daftari, kilo 81. Risiti ikatoka, akaisoma taratibu mpaka chini, akanirudishia. Akasema hii ni ya mwaka 2014, yeye anataka ya leo.

Betri nimeweka, tarehe nikasahau. Nimeirekebisha na kumchapishia nyingine.

Kipara wa Ligula

Hahaha. Sasa mkuu waya wangu utarudi lini, nina DVR ya mtu Jumamosi.

Mzee wa Mikindani

Waya ule usirudi kwenye DVR yoyote.

Mpimaji wa Ghalani

Nimeufunga gundi ya umeme nyekundu na kuuandikia MIZANI TU. Bro, nakununulia mpya, ule umeshahamia Tandahimba.